Arusi Iliyofungwa Ndani ya Mashine

Zipu ndiyo iliyoniamsha. Kabla ya mapambazuko, ndani ya hema letu, zipu ya mfuko wa shule ilifunguliwa, ikafungwa, ikafunguliwa tena, polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mwenzake.

Nilijua ni Kétsia. Alikuwa anapakia.

"Unatafuta nini gizani, mama yangu?" nikamuuliza. Mimi humwita mama yangu kwa sababu ana paji la uso la mama yangu mzazi; yeye huniita Koko, bibi yake.

"Naweka robe yangu, Koko. Baba mudogo anasema kesho, kisha misa, njo tutaenda."

"Gauni tu? Na viatu?"

"Haviingii. Nitavaa."

Mtoto wa miaka minane anapakia gizani bila kuuliza kitu chochote kiko wapi. Hilo ndilo somo tulilompa sisi wakubwa.

Kwa aliyechelewa kunisikia, nirudie kidogo. Mimi ni Mukashema, mkulima wa Bihambwe. Vita vimenifanya mkaaji wa hema huku Kirotshe, kando ya ziwa. Binti yangu Blandine amekufa, na mumewe Tuyizere amekufa, wakaniachia mtoto wao Kétsia. Kisha akatokea mwanaume kutoka Walikale. Akasema jina lake ni Evode, mdogo wake Tuyizere, na amekuja kumchukua mtoto wa kaka yake.

Sikumjua. Wala sikuweza kusema kwamba ni mwongo.

Kwetu mama wa bibi arusi hamsindikizi binti yake. Anabaki nyumbani. Anapika chungu cha maharagwe, wasindikizaji wanakibeba, ili binti ale chakula cha mama yake mara ya mwisho akiwa huko ugenini. Basi siku ile mimi nilibaki jikoni. Watu wa upande wa Tuyizere sijawahi kuwaona wamekusanyika, na sasa vita vimewatawanya, sijui walipo. Blandine alinitajia mashemeji wengi, maana kwetu hata mtoto wa baba mkubwa ni ndugu. Mume wangu aliyewajua amekufa. Shangazi Pétronille aliyeongoza wasindikizaji naye amekufa.

Ilibaki video ya arusi, iliyopigwa na Papa Kasika wa studio. DVD yangu ilibaki Bihambwe, na nyumba yenyewe haipo tena. Lakini Papa Kasika alikuwa na arusi nzima ndani ya mashine yake.

Papa Nzabandora, prezida wa comité ya kambi yetu, alikuwa amenipa neno lake: "Mama Mukashema, kama video inaonyesha huyu muntu haiko mu famille, mutoto anabaki na weye. Kama haionyeshi kitu, mutoto iko wa upande wa baba. Miye nitafanya nini?"

Mara ya mwisho niliwaachia pale umeme wa jenereta uliporuka, mashine ya Papa Kasika ikatoa moshi, na ule ubao mkubwa wa ndani unaobeba vyote, wanaouita carte mère, ukaungua. Diski yenye arusi ilipona. Akaniambia nirudi akishapata carte mère nyingine kutoka Goma.

Ilikuwa imefika. Nikajifunga kitenge, nikaenda.

Papa Kasika na mke wake Virginie ni watu wa Butembo. Studio yao ni chumba cha mbao kando ya barabara, picha ya Bikira juu ya mlango, chini yake bei za fotokopi. Virginie alinipa kiti, akakunja gunia akaliweka juu yake kwanza. Sikuwahi kumwambia kwamba nyonga inaniuma. Aliona tu ninavyokaa.

"Unaona?" Papa Kasika alisema, kioo kikiwaka. "Imefufuka! Na weye ulisema nimeiua."

"Sikusema umeiua," Virginie akajibu. "Nilisema kila kitu unagusa kinaomba padri."

Tukacheka. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile.

Kioo kikajaa majina ya watu waliooana. Mimi najua kusoma kidogo, masista walinifundisha. Nikaliona: Tuyizere na Blandine. Nikaweka kidole juu ya kioo, Papa Kasika hakunikataza.

Akafinya. Kikatokea kidirisha cha kijivu chenye maneno ya Kifaransa. Kicheko chake kikakatika.

"Inasema nini?"

"Inaomba leseni."

"Hukununua?"

"Nilinunua, Koko! Na facture ya malipo iko! Benzangu bote ya studio banatumia programu ya wizi, miye peke njo nililipa. Sasa inaniuliza: weye ni nani?"

"Si ufungulie kwa hao wenzako?"

"Kwao iko programu ingine. Picha nilizifunga mu namna ya hii yangu, ili zisijaze diski. Hakuna ingine inazisoma. Na kadi ya kamera, Koko, kila arusi mupya inafuta ile ya zamani."

"Basi iambie ni wewe, Kasika."

Akanitazama kwa upole. "Haijui sura yangu. Inajua mashine. Ukibadilisha mémoire, inavumilia. Ukibadilisha kioo, haioni hata. Lakini carte mère njo kitambulisho chake. Ukitoa ile, ukiweka ingine, kwake iko mashine ya muntu mwingine."

Alijaribu tena. Aliandika zile namba ndefu za leseni, Virginie akimsomea kutoka kwenye kasha la zamani, herufi kwa herufi. Kidirisha kikabadilika rangi.

"Inasema nimeifungua mara mingi sana. Imefika mwisho."

"Mara nyingi wapi?"

Virginie ndiye aliyejibu, sauti chini: "Masisi. Kisha Sake. Kisha hapa."

Papa Kasika akakaa juu ya ndoo.

"Koko, sisi bantu ya studio, bunduki ikilia hatubebi mashine. Iko uzito. Unafungua caisse, ile sanduku ya mashine, unatoa diski, unaifunga mu kitenge, unakimbia nayo kama mutoto. Caisse inabaki. Ukifika mahali, unatafuta caisse ingine, unaingiza diski, inakuuliza leseni, unafinya, kazi inaendelea. Nilikuwa najisifu! Nilisema vita imeniibia nyumba lakini haijaniibia hata arusi moja. Kumbe kila nilipofinya, nilikuwa nakula leseni."

"Haiwezi kurudishwa?"

"Inaweza. Unaiondoa kwanza kwa mashine ya zamani, njo inakuruhusu kuhamia kwa mupya."

"Basi uiondoe."

"Ile ya Masisi imechomwa. Ile ya Sake bameibeba. Nirudi kule niwaambie: Bakubwa, naomba muwashe kidogo mashine yangu, nataka kuiaga vizuri?"

Nilicheka bila kutaka, kisha nikaacha. Mimi mwenyewe, tulipofika Kirotshe, waliniambia chakula changu kimeandikwa katika kambi ile tuliyoikimbia.

"Kwa hiyo inadhani wewe ni mwizi," nikasema.

"Inadhani tuko wengi. Ba Kasika wanne banagombania arusi ya mutoto wako."

Kulikuwa na namba ya simu ya kampuni yenye programu. Réseau ya simu ilipatikana mlangoni tu, basi tukasimama mlangoni wote watatu. Kwanza ilizungumza sauti ya mashine, ikaomba namba, ikakataa namba. Virginie alitaka kukata. Papa Kasika akafinya, akafinya, hadi akajibu mtu. Mwanamke. Kifaransa chake kilikuwa cha mbali na cha taratibu. Papa Kasika akafungua sauti, akawa ananitafsiria.

Mwanamke akauliza: mashine ya zamani iko mikononi mwako?

"Iliibiwa mu vita, Madame."

Akauliza: unaweza kuiwasha mara moja tu?

Virginie akaziba mdomo. Papa Kasika akarudia, bila hasira: "Iliibiwa mu vita."

Nikamwambia, "Mwambie si kwa ajili ya kazi. Ni kwa ajili ya mtoto." Akamweleza yote, mtoto, Evode, kesho baada ya misa. Alieleza hadi jasho likamtoka.

Mwanamke akauliza bibi huyo anaitwa nani.

"Mukashema."

Akalitamka. Alikosea, akajisahihisha, akalitamka tena hadi likawa jina langu. Huku kambini wapo wanaonihudumia kila mwezi na hawajajaribu.

"Anasema yeye hana ruhusa ya kufungua," Papa Kasika akatafsiri. "Ataandikia mukubwa wake. Lakini mukubwa haiko kazini leo, wala kesho. Jibu ni Jumatatu."

"Mtoto anaondoka kesho."

"Nimemwambia. Anasema anasikitika." Akasikiliza tena. "Anasema anasikitika sana."

Nilimwamini. Lakini kusikitika kwake hakukufungua kitu.

Tulikuwa bado mlangoni Evode alipofika, Kétsia juu ya mabega yake, wanakula hindi la kuchoma. Aliponiona akaninyooshea kipande chake mwenyewe. Cha mtoto hakukigusa.

"Kula, Mama. Mutoto alisema uko hapa tangu asubuhi, na hujakula."

Huo ndio ulikuwa mwiba wangu kwa mtu yule. Tangu alipokuja alikuwa ameziba tundu la hema letu. Alimletea Kétsia sabuni, na jioni alikuwa akimwosha miguu yeye mwenyewe, kidole kwa kidole. Mtu mbaya ningejua nimfanye nini. Huyu alinichanganya.

Akachungulia ndani, akaona kioo kinawaka.

"Mnafungua arusi ya kaka yangu?"

"Tunajaribu," Papa Kasika akajibu.

"Inafunguka?"

"Imekataa."

Nilikuwa namtazama mabega. Yalishuka. Mtu aliyetamani kumwona ndugu yake marehemu, mabega yake hushuka vile. Na mtu aliyekuwa na hofu ikamwondoka, mabega yake hushuka vilevile. Nilitafuta tofauti, nikaikosa.

"Siku ile ulikuwepo, baba?" nikamuuliza.

"Nilikuwepo, Mama."

"Ulivaa nini?"

Akacheka, mtoto akatikisika juu yake. "Eh, Mama! Miaka yote hii? Mwulize Papa Kasika, tulicheza mpaka vumbi ikatuvalisha sote rangi moja."

"Baba mudogo anajua kucheza," Kétsia akasema. "Amenionyesha."

Virginie akamwambia kwa utani, "Kesho kabla ya kumubeba mutoto wa bantu utatuchezea na sisi." Lakini macho yake hayakucheka.

Kesho ikaja. Misa ikaisha. Papa Nzabandora alikuwa amesimama karibu na pikipiki, mikono nyuma.

"Umepata?" akaniuliza.

"Kasika anasema Jumatatu."

"Mama Mukashema. Njia iko wazi leo. Jumatatu nani anajua? Na hapa, bomu ikianguka, utakimbia naye namna gani, na mguu huo?"

Alikuwa anasema kweli, na alisema kwa huruma.

Evode alivua koti lake akamvalisha mtoto, akakunja mikono ya koti hadi vidole vya Kétsia vikaonekana. Mimi nikamshika mtoto mashavu.

"Namba?"

Akaisoma yote, namba ya Papa Kasika, bila kukosea. Mimi sina simu. Nilimfundisha namba ile pamoja na Salamu Maria, kila jioni, ili akipotea njiani awe na mahali pa kuita.

"Na mimi nitakuandikia, Koko. Nikijua vizuri kuandika."

"Utajua."

Machozi yalinishinda. Evode akaona, akaniinamia sikioni.

"Mama, usilie. Siku ile Blandine alikataa chakula yote. Nyama, muchele, yote alikataa. Mpaka bakafungua chungu yako, ile ya mudomo umemeguka, imefungwa na kitambaa ya kijani. Njo alikula. Alikula akilia."

Nikasimama wima.

Chungu kile kilimeguka mdomo asubuhi ileile ya arusi. Kitambaa nilikichana kutoka kitenge changu mwenyewe. Sikumsimulia mtu, lilikuwa jambo la jikoni. Nani angejua, kama si mtu wa nyumba ile?

Moyo wangu ukarudi mahali pake. Nikambeba mtoto kwa mikono yangu, nikamweka katikati, kati ya mwendesha pikipiki na Evode. Nilimshukuru, hata. Nilisema, "Mungu akulipe, baba." Nilisimama hadi vumbi likalala.

Jumatatu nilikuwa nachambua maharagwe Virginie alipokuja mbio, kiatu kimoja mguuni.

"Koko! Imefunguka!"

Yule mwanamke alikuwa ameandika. Mkubwa wake ameruhusu, mara moja hii, ya mwisho, kwa sababu ya pekee. Chini kabisa aliongeza maneno yasiyo ya kazi: salamu kwa Bibi Mukashema na kwa mtoto. Papa Kasika alinisomea mstari huo mara mbili. Mtu ambaye hatatuona kamwe alikuwa ametubeba moyoni Jumapili nzima.

"Ni sawa," nikasema. "Mtoto yuko kwa ndugu zake. Nitamwangalia tu Blandine."

Nikamwona. Ametoka jasho, anasukuma shela nyuma kama anayefukuza nzi. Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa akiuma mdomo wa chini anapozuia kicheko. Virginie alinishika mkono.

Kisha akasimama mzee mrefu, fimbo mkononi. Ni Sebarenzi, baba yake Tuyizere. Sauti yake ilitoka wazi kabisa.

"Mungu alinipa vijana wawili. Huyu Tuyizere anayeoa. Na huyu Dusabimana, mukubwa wake. Na watoto ya ndugu zangu bote basimame, bageni babaone."

Wakasimama. Papa Kasika alisimamisha picha, akatupitisha kwenye sura moja baada ya nyingine. Akarudia. Evode hakuwemo.

"Labda alitoka inje kidogo," Virginie akasema.

"Endelea," nikasema.

Wakaja wasindikizaji wetu, wanapanda kilima, Pétronille mbele anaimba kwa kifua chote. Nyuma yao magodoro, masanduku, vikapu.

"Hawa nyuma ni bantu ya kubeba," Papa Kasika akaeleza. "Gari ilikwama chini. Tuliwakodisha hapo barabarani, kila mutu na muzigo yake. Kisha bakapewa chakula, bakabaki kucheza na..."

Hakumaliza.

Wa mwisho katika mstari alikuwa kijana mwembamba. Kichwani alibeba chungu. Mdomo wa chungu umemeguka. Kitambaa cha kijani kinaning'inia karibu na sikio lake. Alifika mbele ya kamera, akainua macho, akatabasamu, tabasamu la mtu anayekukatia hindi lake.

Papa Kasika akasimamisha picha.

Evode hakunidanganya aliposema alikuwepo. Alikuwepo. Alibeba chungu changu, akasimama karibu, akamwona binti yangu anakula akilia. Labda alimhurumia. Labda ndiyo sababu hakusahau.

"Piga namba yake," nikasema.

Papa Kasika alipiga. Imezimwa. Akapiga tena. Virginie alikuwa tayari barabarani, anaita Papa Nzabandora kwa sauti ambayo sikujua anayo.

Simu ikalia mkononi mwa Papa Kasika. Namba ngeni. Akaitikia, uso ukabadilika, akanipa.

"Koko? Ni miye. Nimefinya namba yote, sikukosea."

"Umefanya vizuri, mama yangu. Uko wapi?"

"Kwa mama moja. Tulilala hapa. Ananipa chai na simu yake. Iko na mutoto muchanga, Koko, mudogo sana."

"Mahali panaitwaje?"

"Sijui. Iko miti mingi. Pikipiki imerudi, sasa tunatembea na miguu."

"Baba mdogo yuko wapi?"

"Iko inje. Anaongea na bantu."

"Watu gani?"

"Sijui. Banacheka naye."

"Nipe huyo mama. Mpe simu huyo mama, haraka."

"Ameenda kuteka maji. Anasema niongee mbio, juu unités ya simu inaisha." Nikasikia mtoto mchanga analia karibu yake, naye akamtuliza, sh, sh, kama ninavyomtuliza yeye. Mbele yangu kijana bado alikuwa anatabasamu chini ya chungu changu.

"Kétsia, nisikilize vizuri..."

"Usiku nimekuota, Koko. Ulikuja kuniona. Ulikaa tu karibu, hukusema kitu. Ukuje tena. Leo ukuje tena kuniona..."